Nani Anabisha Mlangoni? Kaida za Utanzu katika Mwanzo wa Filamu ya Kutisha ya Wanafunzi

Utangulizi

Makala haya yanahusu dakika tatu tu: dakika tatu za mwanzo wa filamu ya kutisha iliyotengenezwa na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Sondu, ambako mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha drama. Wanafunzi hao waliutengeneza mwanzo huo mara tatu. Mara ya kwanza hadhira ilicheka. Mara ya pili iliogopa. Mara ya tatu iliogopa vilevile, lakini iliogopa kitu kingine kabisa, na tofauti iliyopo baina ya woga wa mara ya pili na ule wa mara ya tatu ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu.

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: filamu inatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Tamasha za Kitaifa za Drama, ambazo chimbuko lake ni mwaka wa 1959, siku hizi ni tamasha za drama na filamu. Mtaala wa umilisi nao umeorodhesha Tamthilia na Filamu miongoni mwa masomo ya sekondari pevu. Wanaoitwa kuwaongoza wanafunzi aghalabu ni walimu wa lugha, ijapokuwa vyuoni tulifunzwa kuhakiki riwaya na ushairi wala hatukufunzwa kushika kamera. Pili, malighafi ya filamu ni zile zile tunazozifundisha kila siku tunapowaandaa watahiniwa kwa Karatasi ya Tatu: mandhari, uhusika, taharuki, kinaya na maudhui. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini mlango unabishwa kabla hatujamwona anayebisha ameielewa taharuki kuliko yule aliyekariri fasili yake.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kaida za utanzu ni ahadi baina ya msanii na hadhira, na kwamba katika utanzu wa kutisha ahadi hiyo daima ina mtu anayeshukiwa. Mwanafunzi hajaimudu kaida mpaka ajue inaielekeza hadhira kumshuku nani, na kwa nini.

Kaida ni nini?

Kwa kaida tunamaanisha mazoea ya kisanaa ambayo hadhira imeyakubali kiasi kwamba ikikutana nayo inajua iko wapi na itarajie nini. Mtambaji akisema ‘Paukwa!’, nasi tukaitika ‘Pakawa!’, tunajua tumeingia katika ulimwengu ambamo sungura anasema na mti unaimba. Hatumwulizi sungura alijifunza wapi kusema. Hali kadhalika, mtahiniwa anayeandika kumbukumbu za mkutano huanza kwa kichwa, waliohudhuria na ajenda. Akianza kwa ‘Hapo zamani za kale’ atapoteza alama, si kwa kuwa maneno hayo ni mabaya, bali kwa kuwa ametoa ahadi ya utanzu mmoja akaleta utanzu mwingine.

Filamu ya kutisha nayo ina kaida zake, na mwanzo ndipo kaida hizo zinapotangazwa. Tukizichunguza filamu nyingi za aina hii tunaweza kubaini kaida sita. Kuna wakati na mandhari yanayomtenga mhusika: usiku, mvua, nyumba iliyo mbali na majirani. Kuna mhusika aliye peke yake, aghalabu kijana. Kuna sauti isiyo na chanzo. Kuna onyo au mwiko unaopuuzwa. Kuna kucheleweshwa kwa kiumbe kinachotisha, hivyo kwamba tunaona athari yake kabla ya kukiona chenyewe. Mwisho, kuna swali linaloachwa wazi ili hadhira ibaki kitini.

Hata hivyo, kuziorodhesha kaida si kuzitumia. Tutazame mifano mitatu. Katika Night of the Living Dead (1968), filamu ya Mmarekani George Romero iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, ndugu wawili wanafika makaburini kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Makaburi ni kaida. Lakini giza la usiku bado halijaingia, na kaka anamtania dada yake kwa kumwigizia kitisho. Kwa mbali anaonekana mtu akitembea. Hadhira inamwona, haimjali, na mzaha unapogeuka kuwa kweli imeshachelewa. Katika Halloween (1978) ya John Carpenter, tunaingia katika nyumba kupitia macho ya muuaji mwenyewe. Tunapoonyeshwa uso wake, tunakuta ni mtoto wa miaka 6. Hapa kaida ya kumficha kiumbe cha kutisha imetumiwa kuiumbua hadhira: sote tulikuwa tukimtarajia mtu mzima.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Katika Kati Kati (2016), filamu ya Mkenya Mbithi Masya, mwanamke kijana anazinduka nyikani akiwa amevaa vazi la hospitali, bila kumbukumbu yoyote, kisha anaifikia kambi ambamo anaelezwa kwamba amekufa. Ni mchana, jua linawaka, hakuna tone la damu. Lakini lile vazi la hospitali katikati ya nyasi linafanya kazi ambayo mayowe mia yasingeweza kuifanya. Filamu zote tatu zinatufunza jambo moja: kaida moja inashikwa, nyingine inavunjwa, na uvunjaji huo unaeleweka kwa sababu ile ya kwanza imeshikwa.

Zimwi, mzimu na mwanga

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kwenda Marekani kutafuta kaida za kutisha. Anazo katika fasihi simulizi. Katika ngano za mazimwi, msichana anayekataa wachumba wote wa kijijini anaolewa na mgeni mtanashati ambaye hatimaye anabainika kuwa zimwi. Katika ngano nyingine, watoto wanaachwa nyumbani na kuonywa wasimfungulie mtu ila mama yao anayeimba wimbo fulani. Zimwi linajifunza wimbo huo. Mwiko, upweke, sauti, kuchelewa, swali: kaida zote tulizozitaja zimo. Waluo wana zimwi lao mlafi, Apul-Apul, ambaye watoto wengi wa pwani hii ya ziwa walisimuliwa habari zake kabla hawajaona runinga.

Hapa inafaa tuwe waangalifu na istilahi, kwa maana wanafunzi huzichanganya. Zimwi ni kiumbe cha ngano, lenye kula watu. Mzimu ni roho ya aliyekufa, au mahali inapoaminiwa kukaa. Jini ni kiumbe asiyeonekana wa imani za Kiislamu na za pwani. Mwanga, au wanga kwa wingi, ni mtu anayedaiwa kutoka usiku kufanya uchawi. Huyu wa mwisho ndiye aliye karibu zaidi na yule ambaye Waluo humwita jajuok, mkimbiaji wa usiku, anayesimuliwa kuwa hukimbia uchi gizani, hubisha milango na kutupa mawe au mchanga juu ya paa.

Tofauti baina ya zimwi na mwanga si ya msamiati pekee. Zimwi halina kitambulisho wala shamba. Likishindwa, mara nyingi kidole chake kinakatwa, watu wote liliowameza wanatoka wakiwa hai, na hadithi inaishia hapo. Hakuna anayeondoka kwenye utambaji akaenda kumtafuta zimwi katika boma la jirani. Mwanga, kinyume chake, anaaminiwa kuwa ni jirani. Mchana tunasalimiana naye sokoni. Kwa hivyo msanii anayemtumia zimwi anafanya kazi na kiumbe cha kubuni, ilhali anayemtumia mwanga anafanya kazi na tuhuma.

Waandishi wetu wameitambua tofauti hii zamani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anatumia mahali pa mizimu na kifo kinachoogofya ili wanakijiji, pamoja na msomaji, waelekee kuamini kwamba mizimu imeua. Kisha anakuja Bwana Msa na kiko chake, na kwa mantiki anaonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anamrudisha babu aliyekwisha kufa kwa mjukuu wake, K. Lakini kadiri tunavyosoma ndivyo tunavyogundua kwamba cha kutisha ni maisha ya ufisadi ya yule aliye hai. Kaida ya kutisha imetumiwa kuielekeza tuhuma mahali panapostahili.

Jaribio la kwanza: kicheko

Sasa turejee kwa wanafunzi wangu. Katika muhula wa pili wa mwaka 2024 waliniletea mswada wa kurasa mbili. Vifaa vilikuwa simu yangu ya mkononi, tochi mbili na darasa lisilotumika. Katika jaribio la kwanza msichana aliyevaa shuka jeupe alitembea katikati ya moshi wa majani mabichi, akiwa na kisu kilichopakwa rangi nyekundu. Nyumba ilikuwa na kibao chenye jina la Kiingereza. Yowe la kwanza lilisikika kabla ya sekunde ya kumi. Wenzao walipotazama katika ukumbi, walicheka tangu mwanzo hadi mwisho.

Wanafunzi walidhani kosa ni la vifaa. Nikawaambia hapana. Moshi, shuka na kisu ni kaida, lakini ni kaida zilizookotwa bila ahadi zake. Ukungu una maana kwa mtu aliyekulia mahali ambapo ukungu humpoteza msafiri. Katika uwanja wa shule ya Sondu, moshi wa majani mabichi ni dalili kwamba kuna mtu anachoma takataka. Zaidi ya hayo, yowe la sekunde ya kumi lilikuwa limekwisha kutuambia kila kitu. Hapakuwa na kilichobaki kucheleweshwa. Kicheko cha hadhira kilikuwa uhakiki, tena uhakiki wa haki.

Jaribio la pili: yowe

Waliporudi walikuwa wamejifunza. Msichana yuko peke yake nyumbani anadurusu. Stima zinapotea. Anawasha koroboi. Mvua inaanza, kisha kati ya matone linasikika jiwe likigonga mabati. Kimya. Jiwe la pili. Msichana anauzima ule mwali mdogo na kuketi sakafuni. Kisha mlango unabishwa mara tatu, polepole. Kamera inausogelea mlango bila kukata picha, unafunguka kidogo, na mbele yetu umesimama uso wa mwanamke mzee wenye macho mekundu. Giza. Jina la filamu linatokea.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Mimi mwenyewe, niliyeujua mswada, nilishtuka. Kwa mizani ya ufundi jaribio hili lilifaulu katika kila kaida tuliyoitaja. Mandhari yalikuwa yetu: kila mwanafunzi aliyekuwapo amewahi kulala chini ya mabati na anajua jiwe juu ya paa maana yake nini. Hakuna aliyehitaji kulitamka neno jajuok. Kaida ilijisemea yenyewe, na hilo ndilo jambo tunalotaka kaida ifanye. Niliwapa pongezi na kuanza kufikiria tamasha za kaunti ndogo.

Walipokuwa wakitawanyika, mwanafunzi mmoja wa kike alibaki nyuma. Hakuwa mwanachama wa drama. Alikuja kutazama tu. Aliniambia, ‘Mwalimu, hata nyanya yangu ana macho kama hayo. Ni ya moshi.’ Kisha akaenda zake.

Macho mekundu

Nilirudi nyumbani nikiwa na kauli hiyo na sikuweza kuiondoa kichwani. Mwanamke ambaye amepika kwa kuni miaka 60 katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Katika Usukuma nchini Tanzania, ambako kina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wekundu huo wa macho umekuwa ukichukuliwa kuwa ‘ushahidi’. Wala hatuhitaji kufika Usukuma. Ukitoka hapa Sondu kwa barabara kuu ukapita Oyugis, unafika Kisii. Huko, mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11, wengi wao wakiwa wazee, waliteketezwa kwa moto kwa madai kwamba ni wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa madai yayo hayo. Na haya yalitukia ilhali Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inalifanya tendo lenyewe la kumtuhumu mtu kwa uchawi kuwa kosa.

Sidai kwamba filamu ya dakika tatu ya wanafunzi inaweza kumuua mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinahusu uhakiki. Katika jaribio la pili, mwanamke mzee hakutenda lolote. Alibisha mlango. Hakuwa na silaha, hakusema neno, hakumgusa mtu. Woga wote wa hadhira ulitoka kwenye umri wake, jinsia yake na macho yake. Kwa maneno mengine, wanafunzi hawakuujenga woga huo. Waliukopa kwa jamii, ukiwa umekwisha kuiva, na jamii inautumia woga huo huo kwa kazi nyingine. Nilipowapongeza, nilikuwa nimesahau kuuliza swali ambalo nisingesahau kuliuliza kuhusu riwaya yoyote ya kutahiniwa: mwandishi amemsawiri vipi mwanamke?

Yafaa tukumbuke pia kwamba ngano za mazimwi zenyewe zina busara kuliko sisi katika jambo hili. Zimwi katika ngano nyingi huja kwa sura ya kijana mtanashati, mwenye maneno matamu na mavazi mazuri. Wahenga walijua kwamba hatari haitangazwi na makunyanzi.

Simbi Nyaima na jaribio la tatu

Sikuwakataza wanafunzi kuendelea. Kukataza ni rahisi, na aghalabu hakumfunzi mtu kitu. Badala yake niliwauliza kama wanajua asili ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay. Wengi waliijua. Katika kisa kinachosimuliwa zaidi, bibi mmoja mkongwe, mchovu na mwenye njaa, alifika kijijini usiku wakati watu wanasherehekea kwa pombe. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, na bibi yule akamwonya aondoke na jamaa yake. Mvua kubwa ikanyesha na kijiji chote kikadidimia. Jina lenyewe linamaanisha kijiji kilichozama. Wanajiolojia watatuambia kwamba ziwa hilo ni la volkeno, lakini kisasili hakishindani na jiolojia. Kinajibu swali jingine.

Nikawauliza: katika kisa hicho, nani wa kutisha? Walinyamaza kwanza. Kisha mmoja akasema, ‘Wale wa ndani.’

Tazama, msomaji, jinsi kisa hicho kilivyo na kila kaida waliyoitumia: usiku, mvua, mgeni mlangoni, mwanamke mzee, onyo. Kilichotofautiana ni upande wa mlango ambako tuhuma inaelekezwa. Wanafunzi waliona wenyewe, kabla sijasema zaidi, kwamba hawakuhitaji kubadilisha kifaa wala mandhari. Walihitaji kubadilisha maana ya jiwe.

Jaribio la tatu linaanza sawasawa na la pili. Stima zinapotea, koroboi linawashwa, mvua inanyesha, jiwe linagonga mabati. Hadhira, ambayo sehemu yake iliona jaribio la pili, inajitayarisha kwa yule mwanamke. Mlango unabishwa, lakini safari hii si polepole. Ni kwa haraka, kama mtu anayetetemeka. Msichana anachungulia kwenye ufa wa dirisha. Anamwona mwanamke mzee, amelowa, mkono mmoja umefunika kichwa. Kisha jiwe la tatu linapita karibu na bega lake na kugonga ukuta. Nyuma yake, gizani, tochi moja inawaka. Ya pili. Ya tano. Hatuoni nyuso za wanaozishika. Sauti moja ya kiume, tulivu kabisa, inamwita msichana kwa jina lake na kumwambia, ‘Usifungue.’ Mkono wa msichana uko kwenye komeo. Giza. Jina la filamu.

Hakuna aliyepiga yowe. Ukumbi ulinyamaza, na kimya hicho kiliendelea baada ya picha kwisha. Mawe yale yale tuliyoyahusisha na mkimbiaji wa usiku yalikuwa yakitupwa kwake. Hiki ndicho tunachokiita kinaya, na kwa kuwa hadhira yenyewe ilikuwa imemshuku, kinaya hicho kiliigusa. Kaida ya onyo nayo ilitumiwa kwa namna ambayo sikuitarajia: ‘usifungue’, neno ambalo katika ngano hutamkwa na mama kwa ajili ya kuwalinda watoto, hapa linatamkwa na wale wanaotaka kuua. Swali lililoachwa wazi si tena ‘kiumbe gani kiko nje?’ bali ‘je, msichana atafungua?’ Swali la kwanza hujibiwa na kamera. La pili hujibiwa na dhamiri ya mtu.

Pingamizi na upungufu

Mwalimu mwenzangu mmoja alinikosoa, na hoja zake zafaa zisikike. Alisema kwamba nimeigeuza filamu ya kutisha kuwa mahubiri. Kwamba utanzu huu upo ili watu waogope kwa raha, na ukiupakia maadili unauvunja mgongo. Nakubaliana naye kwamba filamu ya kutisha isiyotisha imeshindwa, hata ikiwa na maudhui matakatifu. Lakini sikubali kwamba jaribio la tatu lilipunguza woga. Liliuhamisha. Isitoshe, hata jaribio la pili lilikuwa na maudhui. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeyachagua. Kazi ya sanaa haiachi kusema kwa kuwa msanii hakukusudia kusema.

Pingamizi la pili lilikuwa la kiutamaduni: kwamba jajuok ni sehemu ya simulizi za hapa, na kwamba kumwondoa ni kuwanyima wanafunzi urithi wao. Naona jaribio la tatu halikumwondoa. Bila imani hiyo, mawe juu ya mabati yasingekuwa na maana, wala hadhira isingenaswa. Urithi ulitumiwa, haukunakiliwa tu.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na upungufu ambao mhakiki hapaswi kuufunika. Mwanga wa tochi ulikuwa mkali mno, hivi kwamba sura za wanafunzi wawili zilionekana na wenzao wakawatambua. Dakika ya kwanza ilikuwa ndefu kupita kiasi. Msichana hakupewa sifa yoyote ila woga, na kwa hivyo hatukujua kama ni mtu wa kufungua mlango au la. Kitendo kimoja kidogo mapema, kama vile kumwekea mtu chakula, kingetosha. La muhimu zaidi, baadhi ya watazamaji waliondoka wakisema kwamba mwanamke yule lazima awe alifanya jambo fulani. Wale hawakushawishika. Kaida ya zamani ina nguvu kuliko dakika tatu, na ni vizuri wanafunzi walijua hivyo.

Mafunzo kwa darasa na kwa mtahiniwa

Ni mambo gani basi mwalimu anaweza kuyachukua? La kwanza ni utaratibu. Kabla ya kurekodi chochote, wanafunzi waandike kaida wanazokusudia kuzitumia, na mbele ya kila kaida wajibu maswali mawili: inaahidi nini, na inamshuku nani? Swali la pili ndilo tunalolisahau. La pili ni sauti. Shule isiyo na kamera nzuri inaweza kupata sauti nzuri: mabati, mvua, komeo, hatua za miguu katika changarawe. Katika majaribio yetu, jiwe moja lilifanya kazi kubwa kuliko rangi nyekundu yote. La tatu ni kuruhusu jaribio lishindwe mbele ya hadhira. Kicheko kiliwafunza wanafunzi wangu zaidi ya maelezo yangu ya ubaoni.

Kwa mtahiniwa, manufaa yako katika karatasi mbili. Katika Insha, unapopewa maneno ya kuanzia au kumalizia kisa, usikimbilie yowe. Mtahini amesoma insha nyingi zinazoanza kwa ‘Niliposikia mlio huo, nywele zilinisimama’. Anza na kitu kidogo cha mahali unapopajua, kisha kicheleweshe kile kikubwa. Katika Fasihi, unapoulizwa kuhusu taharuki, usitosheke kusema kwamba msomaji anabaki na hamu ya kujua. Eleza ni swali gani limeachwa wazi, limeachwa wapi, na jibu lake linabadilisha vipi tunavyomtazama mhusika. Na unapohakiki uhusika, hasa wa mwanamke, mzee, mgeni au mlemavu, jiulize kama woga au chuki unayoihisi imejengwa na matendo ya mhusika huyo au imekopwa kutoka nje ya kitabu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kaida za utanzu wa kutisha si mapambo ya kuokotwa, bali ni ahadi zenye uzito, na kwamba zinapotumiwa katika jamii ambamo baadhi ya viumbe vya kutisha vina majina ya majirani, uzito huo unaongezeka. Wanafunzi wa Sondu walianza kwa kuiga, wakaendelea kwa kukopa, wakamaliza kwa kubuni. Filamu yao haikwenda mbali katika tamasha. Ilikomea katika ngazi ya kaunti. Lakini yule mwanafunzi aliyebaki nyuma siku ya jaribio la pili alikuja tena siku ya tatu. Baada ya kuonyeshwa hakuniambia chochote. Muhula uliofuata alijiunga na chama cha drama, na alipoulizwa angependa kuigiza nafasi gani, alisema angependa kuwa yule wa kufungua mlango.